Pimbi Alivyolala Kaburini mwa Mzee Tembo

Paukwa!

Pakawa.

Pakawa na nini?

Pakawa na msiba.

Basi kofia chini, na wewe huko nyuma acha kutafuna. Aliyekufa alikuwa mkubwa.

Alikufa Mzee Tembo, kiongozi wa nchi nzima ya wanyama. Ngoma ikalia ndu, ndu, ndu, bonde zima likanyamaza. Wakamlaza uwanjani, watu wakaja kumuaga. Twiga akapita, akainamisha shingo, akalia. Nyati akapita, akainamisha pembe, akalia. Kobe akapita, akatoa kichwa chote nje, akalia. Walikuwa na haki ya kulia. Bwawa walilokunywa alilichimba yeye kwa pembe zake mwaka wa ukame, akasema ni la kila mwenye kiu.

Kiboko naye akapita, ila hakuondoka. Alisimama upande wa kichwa cha marehemu akipokea rambirambi, kisha akatangaza kwamba Mzee, roho ikimtoka, alimnong'oneza sikioni kuwa bwawa amemwachia yeye. Kuanzia kesho, asiye na ruhusa yake asisogee.

Wanyama wakatazamana. Msibani hakuna kubishana, na mdomo wa Kiboko mnaujua. Twiga alimwangalia mwanawe mchanga akanyamaza. Maji mengine yalikuwa mbali, mtoto asingefika.

Mwenye ruhusa ya kusema lolote msibani ni mtani peke yake. Na mtani wa Mzee Tembo alikuwa Pimbi, kale kanyama kadogo ka majabalini. Walitaniana maisha yao yote.

Msafara ulipofika kaburini, wakamkuta Pimbi ndani, amelala chali, miguu juu.

"Toka tumzike Mzee," akasema Kiboko.

"Sitoki. Nimejipima, linanitosha."

Watu wakacheka huku machozi yakiwatoka. Wakambembeleza kwa karanga, kama ilivyo ada. Akakubali, ila akataka mrithi ashuke kumpokea marehemu. Kama mrithi yupo, lakini.

Kiboko hakungoja. Puu! Akatua chini. Kaburi la tembo ni refu, na miguu ya Kiboko ni mifupi. Pimbi alikuwa ameshapanda ukuta, yuko juu.

"Shusheni taratibu," akawaambia waliobeba. "Mrithi yuko chini."

Kivuli cha Mzee kikamfunika Kiboko. Akatazama juu, akaona tumbo linakuja.

"Subirini. Nitoeni kwanza."

"Mzee alikuambia nini sikioni?" akauliza Pimbi.

Kiboko akajibana ukutani. Kamba zikateremka kidogo.

"Hakuniambia kitu," akasema. "Nilifika ameshakufa."

Wakamweka Mzee kando, wakamvuta Kiboko kwa kamba hizo hizo. Mzee akazikwa kwa heshima zote, ndu, ndu, ndu. Jioni Twiga na mwanawe wakanywa bwawani, hakuna aliyewauliza.

Na Pimbi? Mtani halii mbele za watu. Alingoja wote waondoke, akakaa juu ya udongo mbichi.

"Mzee," akasema, "leo nimekutania, hukunijibu."

Akalia kwikwi, peke yake.

Hadithi nimeizika hapo. Atakayeifukua aisimulie vizuri. Na funzo lake, wanangu, lishikeni: msibani ni mahali pa heshima, lakini mtani msimzuie, mzaha wake hufichua uongo.