Sauti Iliyomwita Nambua Mama

"Mimi" si jina.

Mmenisikia nikimjibu hivyo yule aliyepiga simu sasa hivi, mkacheka. Chekeni tu, wajukuu zangu, ila mikono isisimame, tangawizi hizo hazijioshi. Methali hii ina kwao, na kwao ni nyumbani kwa dada yangu Nambua, huku huku milimani Upare. Ilianza hivi.

Dada alikuwa na mtoto mmoja tu, wa kiume. Alipomaliza shule aliteremka kwenda machimboni kutafuta maisha. Mwanzoni alipiga simu kila Jumapili baada ya ibada. Baadaye simu zikawa za kuokoteza. Kisha kimya. Namba yake ikawa haipatikani, na vijana waliorudi kutoka huko walisema hawakumwona. Dada akawa anatembea na simu kifuani, ndani ya khanga, hata shambani. Njia isiyo na mtandao hakuipita tena, hata kama ndiyo ya mkato. Simu ikilia, jembe linaanguka pale pale lilipo.

Siku moja tulikuwa tunapalilia tangawizi, mimi upande wa pili wa shamba, simu yake ikaita. Namba ngeni.

"Haloo?"

"Mama."

Ilikuwa sauti ya kijana, imekauka kama ya mtu mwenye homa. Dada alikaa chini kwenye tuta.

"Ni wewe, mwanangu?"

"Ni mimi, mama. Umenisahau?"

Alilia, akacheka, akalia tena. Kijana akaeleza kwamba ameumia, amelazwa, simu yake imeibwa na hii ni ya muuguzi. Hospitali haimruhusu kutoka mpaka alipe. "Tuma kwenye namba hii hii, mama. Jina litakalotokea ni la muuguzi, usishtuke. Na usimwambie mtu, nitaaibika."

Haya alinisimulia baadaye; siku ile hakuniambia neno. Aliniaga kwamba kichwa kinamuuma. Fedha hakuwa nazo. Alikuwa na shamba, na tangawizi ilikuwa bado changa. Alimwita Kiondo, mchuuzi wa pale sokoni, anunue mazao yote yangali ardhini kwa bei ya kutupa. Nilipopita kumjulia hali niliwakuta uani wanapatana.

"Dada, umerogwa? Hizo hazijakomaa!"

"Mwanangu amepiga. Yuko hospitali."

"Alisema yeye ni nani?"

"Alisema ni yeye."

"Yeye nani?"

"Usinihoji kama polisi, Namkunda! Nilimuuliza, ni wewe mwanangu? Akasema, ni mimi."

"Basi wewe ndiye uliyemfanya mwanao. Yeye alipokea tu."

Nilidhani atanifukuza. Badala yake alisema polepole, "Unafikiri sijaliwaza hilo? Nikimuuliza jina akashindwa, nitakuwa nimempoteza mara ya pili. Niache niwe naye, hata kwa leo tu."

Kiondo, mtu wa maneno mengi, aliangalia viatu vyake.

Simu ikaita. Namba ile ile. Dada aliiacha ilie kidogo, ndipo akapokea, akaweka sauti kubwa.

"Mama, mbona kimya? Huku wamekasirika."

"Nitatuma, mwanangu. Nitajie jina lako kwanza."

"Mama! Ni mimi."

"Nimesikia. Jina."

"Yaani mama mzazi hamjui mwanawe? Unataka nife huku?"

Nilitaka kumshikia ile simu. Akafumba macho, akakunja uso wote, kama mtu anayemeza shubiri.

"Mwanangu nilimzaa nikampa jina. 'Mimi' si jina. Kila mtu ni mimi."

Likaja tusi, tena la kulitukana tumbo lile alilodai limemzaa, na simu ikakatwa.

Kiondo alivaa kofia yake akaondoka bila kuaga. Dada alibaki amesimama. Tangu mwanawe anyamaze, hakuna aliyewahi kumsikia akilitaja jina lake. Alisema "mwanangu" tu, kwa kuwa lile jina lilimkwama kooni. Sasa akaligeukia bonde, akaita.

"Mbonea!"

Akaita tena, vile vile anavyoitwa mtoto aliye mbali michezoni aje ale.

"Anaitwa Mbonea," akaniambia, "na yule hakulijua."

Tangawizi ilikomaa, akaivuna. Kiondo akaisimulia habari ile sokoni, nayo ikashuka mlima na magunia. Mbonea hajapiga mpaka leo, na dada yangu bado anaikimbilia kila simu inayolia. Sijamkataza. Mtu hakatazwi kumtamani mwanawe. Ila akishapokea, huuliza "Nani?", halafu hungoja.

Nanyi mkiitwa mama, mjomba au mpenzi na namba msiyoijua, msimvike mgeni jina la mtu mnayemkosa. Mwacheni ajitaje mwenyewe. Aliye wenu haoni taabu kusema anaitwa nani, na asiye wenu atang'ang'ana na neno lile lile moja. Mwambieni basi, bila ukali wala woga: "Mimi" si jina.