Mkataba wa Tope Bichi

Zamani, lakini si zamani ya kutosha kwa wahusika kusahau aibu yao, jua liliiwakia nchi ya Mto Mpana misimu mitatu bila kupumzika. Mto ukabaki jina tu. Majani yakawa rangi ya mkeka uliochakaa, na wanyama wote, wakubwa kwa wadogo, wakawa wanakunywa mahali pamoja: chemchemi iliyotoka chini ya kilima cha Mawe Saba.

Juu ya kilima hicho waliishi pimbi, wanyama wadogo wasiozidi paka, wenye meno mawili marefu na maneno mengi kuliko meno. Mkubwa wao alikuwa Bi Pimbi. Alizaliwa juu ya mawe yale, na alijua kila jiwe limekalia jiwe gani. Njia ya kupanda ilikuwa nyembamba mno, hivi kwamba pimbi mmoja mwenye kokoto na hasira angeweza kuzuia kundi zima. Aliyeshika Mawe Saba alishika maji ya nchi nzima. Ndiyo maana Simba, mfalme, alikuwa amewaapia pimbi: "Atakayewagusa ninyi amenigusa mimi." Alisema hivyo akiwa ameshiba.

Simba huyo alikuwa na fahari ya kuwatosha wafalme watatu, na meno manne. Mengine aliyaacha katika Vita Vikuu, walipopigana na Fisi na ukoo wake miaka minne kwa sababu ambayo baadaye kila mmoja aliikumbuka kivyake. Walishinda. Njia pekee ya kumtambua mshindi ilikuwa kwamba ndiye aliyehutubia. Baada ya hapo wakakata shauri kuwa hakutakuwa na vita vingine kwa miaka kumi, kwa hiyo kunoa kucha ni marufuku. Kila mwaka ulipoisha walianza kuhesabu kumi upya.

Hesabu hiyo tamu ilibuniwa na mshauri mkuu, Sungura.

Sungura alikuwa mjanja, na hakuna aliyelijua hilo kuliko yeye. Aliwahi kumpangisha Kobe nyumba ya Kobe mwenyewe. Alikuwa amesafiri sana, na kila alikokwenda alirudi na kofia moja na maoni mawili. Kidole chake kimoja cha mguu kilikuwa kimepinda. Kilinaswa mtegoni, ingawa yeye akisimulia, mtego ndio ulionaswa. Ni yeye pia aliyebuni adhabu ya kumkomesha mchokozi yeyote: baraza zima la wanyama litamnunia.

Basi Fisi, ambaye alikatazwa baada ya vita kuvuka mbuga kavu iliyokuwa mpakani kwake, siku moja akavuka. Baraza likakutana.

"Amevuka!" alisema Swala.

"Amevuka kwenda wapi?" aliuliza Sungura. "Si uani kwake mwenyewe? Mtu akitoka kuota jua uani kwake, tumpigie yowe?"

Wakanuna siku tatu. Fisi akanenepa.

Mwezi uliofuata akalimeza pango la binamu yake, pamoja na binamu. "Mambo ya kifamilia," alisema Sungura. Wakanuna siku mbili, maana ya tatu ilikuwa sikukuu.

Mmoja tu ndiye aliyepiga kelele. Alikuwa Kiboko, aliyekuwa amelala katika tope lililobaki mtoni, mnene, mwenye hasira, macho mekundu. "Anakula huyo!" alinguruma. "Anakula na kunoa meno! Leteni mawe ya kunolea!"

Wanyama walicheka. Katika Vita Vikuu Kiboko ndiye aliyeshauri jeshi lipande pwani ya mamba asubuhi na mapema kabla mamba hawajaamka. Mamba walikuwa wameamka. Tangu siku hiyo, Kiboko akisema kumekucha, watu walitoka nje kuhakikisha.

Ndipo Fisi alipotuma habari kwamba anayataka Mawe Saba, na kwamba anaomba kwa adabu, mara hii tu, kabla ya kuja mwenyewe.

Simba alimwita Sungura faragha. "Tuliwaapia wale," alisema, akifunika mdomo kwa kiganja ili meno yasihesabike.

"Mzee, unataka vita?"

"Mimi? Mimi naipenda amani kwa hiari yangu," alisema Simba, na Sungura hakuthubutu kumtazama mdomoni.

"Basi niachie mimi. Fisi ni mlafi, na mlafi ukimpa anachotaka hushiba."

Sungura akafunga safari, miguu ya kizee ikikimbia kama ya kijana. Bi Pimbi alimfuata nyuma kwa hatua zake fupi, akihema hadi mlangoni mwa Fisi.

"Ngoja hapa nje kidogo, Bi Pimbi," Sungura alimwambia. "Mambo yakiiva tutakuita."

"Sawa, Bwana Sungura. Ila kinachopikwa humo si nyumba yangu?"

"Kidogo tu, mama. Tusimwudhi mwenyeji."

Ndani, Fisi alimpa Sungura kigoda kizuri. Akamuuliza hali ya masikio. Akamsifia kofia. Na hakucheka hata mara moja. Hilo ndilo lililomlainisha Sungura, kwani katika safari zake zote alikuwa amejifunza kwamba fisi akidanganya hucheka.

"Ndugu yangu," alisema Fisi kwa sauti ya mgonjwa, "mimi sina makuu. Nipe Mawe Saba tu, na naapa sitaomba kitu kingine maishani."

"Hata chemchemi?"

"Chemchemi ya nini? Kiu yangu mimi ni ya heshima."

Sungura nusura atokwe na machozi. Isitoshe, mawe hayakuwa yake, na kutoa kisichokuwa chake kilikuwa kipaji chake cha tangu utotoni.

Desturi ya mkataba katika nchi ile ilikuwa hivi: wanaopatana hukanyaga tope la mfinyanzi lililotandazwa juu ya gome la mti, kila mmoja unyayo wake, kisha tope huchomwa motoni mpaka liwe gumu kama chungu. Mkataba wa kumaliza Vita Vikuu ulichomwa siku mbili. Walikanyaga. Sungura, kwa mazoea, akauliza, "Moto uko wapi?"

Fisi aliinamisha kichwa kama aliyepigwa kofi. "Moto? Kati yangu mimi na wewe? Moto ni wa wasioaminiana, ndugu yangu. Jua hili halitoshi?"

Sungura aliona haya hadi ncha za masikio. Alikuwa na ugonjwa wa watu wa kwao: heri nchi ipotee kuliko mwenyeji amwone hana adabu. "Linatosha sana," alisema. "Samahani kwa kuuliza."

Jua la kiangazi likaliokoa jambo, maana kabla hawajamaliza kuagana gome lilikuwa na kipande kigumu, chenye nyayo mbili, kizuri kama tofali. Sungura akatoka nacho kifuani.

"Vipi?" aliuliza Bi Pimbi, akisimama.

"Habari njema! Hakuna vita."

"Na nyumba yangu?"

Sungura alitazama mawingu, ambayo hayakuwepo. "Mmepewa hadi Ijumaa kuhama. Nilimbana sana, yeye alitaka Jumatano."

Bi Pimbi aligeuka akaenda kuwaamsha wanawe.

Nyumbani Sungura alipokewa kama bwana harusi. Pundamilia walipiga vigelegele, nyani wakapiga makofi juu ya miti. Sungura akasimama juu ya kichuguu, akalinyanyua lile tope, akasema, "Tazameni unyayo wake, na wangu kando yake! Nendeni mkalale, ndugu zangu, mlale usingizi wa raha!" Simba alitoa machozi ya furaha na akasahau kufunika mdomo.

Kiboko alijikongoja kutoka kwenye tope, akalinusa lile tofali.

"Umelichoma?"

"Limekauka kabisa."

"Sikuuliza kama limekauka. Nimeuliza, umelichoma?"

"Mzee Kiboko, wewe una chuki tu," alisema Sungura, na umati ukamzomea Kiboko mpaka akarudi mtoni kinyumenyume.

Ijumaa pimbi walishuka kutoka Mawe Saba wakiwa wamebeba watoto mgongoni, wakajibanza kwenye miiba. Fisi na kundi lake wakapanda. Hawakuhitaji hata kukimbia, na kwa muda waliwaacha wengine wanywe.

Na wanyama waliendelea kuomba mvua, wote, kila siku, Sungura akiwa wa kwanza kupiga magoti. Baada ya wiki mbili ikaja. Ilinyesha kubwa, ya kelele, na watu wakatoka kucheza. Sungura naye alicheza mpaka akakumbuka. Alikimbilia kichuguuni, alikoliacha lile tofali na kulivisha kofia yake. Juu yake kulikuwa na uji mwekundu unaoteremka taratibu, na ndani ya uji huo kofia yake.

Mvua ile ilikuwa ya siku moja, jua likarudi. Walipokwenda kunywa walimkuta Fisi amekaa chemchemini, ukoo wake umejipanga juu ya mawe.

"Tuna mkataba!" alisema Sungura.

"Hebu tuuone," alisema Fisi. Na sasa akacheka, kicheko kilichokuwa kimehifadhiwa tangu siku ya mkataba.

Basi vita vikaja vilevile, ila Fisi sasa alikuwa juu na wao chini. Siku nne Simba alijaribu kupanda njia ile nyembamba. Mawe yalishuka. Ndama walianza kuanguka kwa kiu.

Siku ya tano Sungura alikwenda kwenye miiba. Alikuwa hana kofia. "Bi Pimbi," alisema, "nilidhani mimi ni mjanja."

"Wewe ni mjanja, Bwana Sungura. Tatizo lako ni kwamba wenye adabu mbaya wamekushinda." Akawatazama wanawe. "Wanangu wana kiu. Kwa hiyo nitakusikiliza, lakini leo nazungumza mimi. Lile pango la ndani kabisa, mlango wake ni jiwe la saba, na jiwe la saba limeshikiliwa na vijiwe vitatu alivyovibana nyanya yangu. Tukivitoa, linafunga. Anayejua vilipo ni mimi, na kwa nyuma upo upenyo unaotutosha sisi wadogo. Ninachokosa ni mtu wa kumwingiza Fisi humo."

"Hataamini mtu."

"Atakuamini wewe. Ni lini ulimwendea mikono mitupu?"

Sungura alinywea. Kisha akainuka akaenda.

Wakati Simba kwa meno yake manne, na Kiboko kwa unene wake wote, wakishambulia mbele na kuwavuta fisi wadogo kule, Sungura alipanda kwa nyuma akiwa na kipande kipya cha tope. Fisi alimwona akapiga miayo.

"Safari hii umeniletea nini?"

"Zaidi," alisema Sungura. "Simba anaomba radhi kwa fujo. Pimbi waliacha akiba ya nyama kavu katika pango la ndani. Ni yako."

Pimbi hali nyama. Mtoto yeyote wa mbuga ile angemwambia. Lakini Fisi hakushtuka hata kidogo. Alikuwa amezoea kupewa. Akajisukuma ndani ya pango, tumbo likikwaruza kuta, na Sungura mbele yake akionyesha njia, "Karibu, karibu zaidi." Mwisho wa pango palikuwa na ufa unaopitisha pimbi na, kwa shida, sungura. Huyu alikuwa na kitambi cha karamu za baraza, akakwama katikati. Bi Pimbi alimvuta masikio kutoka upande wa pili bila huruma yoyote, akatoka kama kizibo cha chupa.

"Vuta!" alisema Bi Pimbi, na wanawe waliojificha kule mlangoni wakavuta vijiwe vitatu. Jiwe la saba likaketi.

Kisha sauti ya mgonjwa kutoka ndani: "Ndugu yangu Sungura? Hebu tukae tuzungumze."

Sungura, kwa mazoea, alifungua kinywa kujibu. Bi Pimbi akakiziba kwa kiganja, na hakukitoa mpaka kukawa kimya kabisa.

Fisi wadogo walipomkosa mkubwa wao walikikimbia kilima. Wanyama wakanywa. Simba alirudi na meno mawili, na tangu siku hiyo akawa anacheka mdomo wazi. Kiboko alizungumza wiki nzima.

Pimbi walirudi nyumbani. Siku hiyo Sungura alisimama chini ya kilima na hotuba ndefu ya kuomba radhi. Bi Pimbi alimkatiza kwa kumtandazia tope juu ya gome.

"Kanyaga."

"Kukubali nini, mama?"

"Kwamba sisi tukiwa na shida, hutatusaidia mpaka utuulize kwanza, tukiwa tumeketi ndani."

Akakanyaga. Bi Pimbi hakumuuliza kuhusu jua. Aliwasha moto mwenyewe, akalichoma tope lile siku tatu, na moja zaidi kwa usalama.

Sungura alifanya mikataba mingi maishani, yenye ngoma na vigelegele, na yote imekwenda na maji. Huu mmoja upo mpaka leo, juu ya Mawe Saba, mlangoni. Una unyayo mdogo wenye kidole kilichopinda. Mvua zote zilizonyesha tangu hapo hazijaufuta. Nalijua hilo vizuri, kwa sababu kila nikipita pale, baada ya kubisha hodi, nauweka mguu wangu juu yake, nao bado unanienea.