Kwa Nini Nondo Hula Nguo Zilizofichwa

Mmeliona tundu hilo kwenye joho, hapo shingoni? Msilikunje mkalificha. Lianikeni vivyo hivyo, nami nitawaeleza lilivyoanza, maana kazi iko mikononi na masikio yenu yamekaa bure.

Kulikuwa na wakati nondo alikuwa mdudu wa kutazamwa. Mabawa yake yalikuwa mekundu, meusi na meupe, rangi zile zile za kisutu cha bibi harusi. Alikula maua, akapenda jua, na watu walimwacha atue hata begani.

Wakati huo nguo kuukuu haikuwa ya mtu mmoja. Bibi harusi hakutafutiwa nguo mpya. Alivishwa kisutu kikongwe kuliko vyote mtaani, kilichokwisha kuona harusi ishirini na talaka zake. Zikipita siku saba, alikirudisha mwenyewe kule alikokiazima. Aliketi, akanywa kahawa, akasema anavyoishi na mumewe. Ndiyo ilikuwa ada.

Katika mji wa Chongoni aliishi mjane, Bi Mize, na binti yake Batuli, ambaye ndio kwanza ameolewa. Mwaka huo visima vya Chongoni viliingia chumvi, na watu wakaanza kuhama. Batuli na mumewe wakahama nao. Bi Mize alikataa kuondoka. Alisema hawezi kuacha kaburi la mumewe peke yake. Asubuhi ya safari Batuli alikitoa kisutu cha nyumbani kwao alichoolewa nacho, akamfunika mama yake mabegani.

"Nitarudi, Mama," akasema.

Hata vumbi lao halijatua, Bi Mize alikivua kisutu, akakikunja, akakitia sandukuni. Majirani waliohama nao walimwachia vitu vyao: vikoi vya hariri, kofia za kushonwa kwa mkono, vipuli, na joho la sufu la mzee mmoja aliyejua hatarudi. Sanduku likajaa, mji ukabaki mtupu, nyumba sita tu zinazofuka moshi.

Mwanzoni alizianika kila asubuhi, kama nyinyi leo. Na kila nguo aliyoitandaza aliitaja: hii ilishonwa na fulani, hii iliungua hapa siku ya karamu, hii alijifungulia fulani. Wa kumsikiliza hakuwapo ila Nondo, aliyekuja kutua kwenye kamba na kukaa mpaka maneno yaishe. Mpweke akipata sikio hatazami ni la nani.

Ndipo akaja jirani yake, Bi Kibibi, aliyekuwa anaoza binti. Aliomba kisutu kwa siku saba, kama ada. Bi Mize alitazama mlango, si uso wa mwenzake.

"Nguo ya kuazima haisitiri matako, shoga yangu," akasema. "Na hiki kina mwenyewe, naye yu njiani."

Bi Kibibi aliondoka. Binti yake akaolewa kwa kaniki, kitambaa cheusi cha shambani, na tangu hapo hakuna aliyebisha hodi kwa Bi Mize. Yeye hakuliona kuwa kosa. Akiba haiozi, alijiambia. Aliacha hata kuanika, asije mtu akaona akatamani, kisha akamwita Nondo.

"Ingia unilindie," akamwambia. "Nitakufungulia kila Ijumaa uende ukale."

Nondo aliingia kwa kuwa alimpenda. Naye kweli alimfungulia Ijumaa ya kwanza, na ya pili. Halafu akaogopa jua lisije likachujua rangi, akafungua mwezi kwa mwezi. Mwishowe akaziba kifuniko kwa nta, akawa anazungumza naye kupitia ubao.

"Nina njaa," Nondo alisema humo ndani.

"Vumilia. Batuli yu karibu kufika."

Gizani rangi zake zilimtoka kidogo kidogo, zikawa vumbi. Njaa ilipomzidi alionja ukosi wa joho. Hakuchagua palipo safi. Alitafuta shingoni na kwapani, mahali palipobaki jasho la watu, kwa sababu hapo tu ndipo paliponukia mtu. Nawaambieni ukweli, mimi simlaumu.

Ilipita miaka kumi na saba, visima vikarudi utamu, na Batuli akarudi na binti wa kuozwa. Bi Mize alikuwa amejikunja kwa uzee, lakini alibandua nta kwa kucha zake mwenyewe, akiwa na furaha asiyoweza kuisema. Alikinyanyua kisutu juu, na jua likapita ndani yake kama linavyopita kwenye chujio la tui.

Nondo akatoka akiyumba, wa kijivu. Batuli akainua viganja ampige, na bawa moja likamwachia vumbi vidoleni. Mama yake akamshika mkono.

"Mwache," akasema. "Huyo ndiye aliyekaa nami."

Batuli alikitazama kisutu, akamtazama mama yake, na machozi yakamtoka. "Mama, mimi sikukupa uniwekee. Nilikufunika nacho ili usione baridi."

Bi Mize alikaa chini pale pale, akajitanda matundu yale, miaka kumi na saba baadaye.

Na tangu siku hiyo nondo hana rangi, na ukimshika hukuachia vumbi. Hukimbia mwangaza kwa aibu. Nguo inayovaliwa haigusi. Hula ile iliyofichwa, tena huanzia shingoni. Na ndiyo sababu sisi hufungua masanduku kabla ya mvua, tukaanika kila kitu hadharani, hata chenye matundu, na mwenye kutamani akaruhusiwa kuazima.

Basi azimeni. Joho hilo lilikuwa la marehemu mume wangu, na kisutu kile niliolewa nacho mimi, kisha dada zangu wote, Mungu awarehemu. Chukueni mnachotaka, wala sitauliza mtakaa nacho siku ngapi. Ila siku ya kurudisha, aje mwenyewe aliyeazima. Asitume mtu. Kahawa itakuwa jikoni.