Neno Lililokosa wa Kulila

Wewe uliyeshika simu hapo, niambie: neno likiichoma nyumba ya mtu, na kila aliyelibeba akaapa kwamba si lake, utamkamata nani?

Usinijibu bado. Sikiliza kwanza. Na ukijibu usiniletee ile "inategemea" ya kwenye semina.

Hapo zamani, na zamani yenyewe ni juzi tu, enzi ambazo bando la wiki lilikuwa bado linamaliza wiki, palikuwa na mji uitwao Kiwambo. Mji wa alizeti na vumbi. Minara ya simu ilikuwa mitatu, tangi la maji lilikuwa moja. Hapo umeshajua vipaumbele vya wakubwa wake.

Watu wa Kiwambo walikuwa na desturi waliyoikuta kwa bibi zao. Ukimzulia mwenzio jambo, ikathibitika, hutozwi faini wala hupelekwi polisi. Unakula neno. Unapakwa usoni majivu ya jiko la yule uliyemzulia, mnaongozana mlango kwa mlango, yeye mbele wewe nyuma, na kwenye kila mlango unasema: "Neno lile lilikuwa langu, lilikuwa uongo, nalila." Mwenye nyumba anatoa kikombe cha maji. Aliyezuliwa anakunywa kwanza, wewe unamalizia. Basi, limekwisha.

Sharti lilikuwa hili: anayekula neno ni mtu mmoja. Bibi zao walisema neno likiliwa na wengi, kila mmoja atalamba tu, hakuna atakayemeza.

Na neno likikosa mtu wa kulila, uchafu unabaki kwa aliyezuliwa. Hapewi moto wa kuwashia jiko. Msibani chakula chake hakipokewi. Mwanawe haposwi.

Sasa mtazameni Sikudhani. Mama wa watoto wawili, mhudumu wa tangi la maji. Kila wiki alipanda ngazi na ndoo yake, akatia klorini, ule unga mweupe wa kuua vijidudu unaonuka kama korido ya hospitali. Kazi ya miaka, na hakuna aliyewahi kumtazama mara mbili. Maji yakitoka nani anamjua anayeyatoa? Yakikatika ndipo watu wanakumbuka jina lake.

Ukaja uchaguzi. Ukiona barabara inachongwa na wazee wanagawiwa kofia, ujue umekuja.

Pale mjini alikuwepo Gaspari. Shahada ya sayansi ya siasa, upper second, na kitanda chake ni kochi la sebuleni kwa shemeji. Kambi ya mgombea mmoja ikamwokota. Mgombea tumwite Mheshimiwa Mtarajiwa, maana ndivyo alivyotaka kuitwa hata kabla ya kupigiwa kura. Gaspari akapewa simu mpya na cheo: digital strategist. Mtaani cheo hicho kina jina fupi, chawa.

Siku moja Gaspari akamwona Sikudhani juu ya ngazi anamimina unga wake. Akapiga picha. Picha ilikuwa ya kweli, mkono wa kweli, unga wa kweli. Kisha akaandika chini yake: "Wapinzani wetu wamemtuma aweke dawa ya usingizi kwenye maji, ili ngome yetu isiamke siku ya kura. Amkeni!" Akamwonyesha Mtarajiwa. Mtarajiwa akacheka mpaka tumbo likamtikisika, akasema, "Hii kali. Iachie."

Ikaachiwa kwenye grupu la vijana wa kampeni. Wakaicheka, wakaweka vikatuni vya kulia kwa kicheko. Na ingefia pale, kama zinavyofia takataka nyingi, lakini kijana mmoja akamtumia mama yake, mama akamtumia jirani, jirani akamtumia Mwalimu Bertila.

Mwalimu Bertila alikuwa mstaafu. Nusu ya Kiwambo alikuwa ameishika mkono kuifundisha kuandika a. Alikuwa admin wa grupu la kwaya, la kikoba, la wazazi wa shule, na nyumbani alikuwa akimlea mjukuu wake, Atukuzwe. Alipoiona picha aliogopa, akafanya jambo ambalo wengi wetu hatufanyi: aliuliza. Akampigia afisa afya, Bwana Malongo, mwanafunzi wake wa zamani. Akamwuliza ule unga ni wa nini.

Malongo alijua. Ndoo ile ya klorini alikuwa akimkabidhi Sikudhani kwa mikono yake mwenyewe. Jibu lilikuwa neno moja. Lakini Malongo akasema, "Shikamoo Mwalimu. Hilo kwa sasa siwezi kulizungumzia. Naomba msubiri tamko."

Mwalimu akakata simu. Akajiambia kwamba mtu asiye na la kuficha angesema hapana, yakaisha. Basi akaituma ile picha kwenye kwaya, kwenye kikoba, kwa wazazi wote, na juu yake akaandika yale maneno yetu matakatifu ya kunawia mikono: "Kama nilivyopokea. Tahadhari kabla ya hatari."

Kijana akituma, watu hucheka. Alipotuma Mwalimu, watu walifunga mabomba.

Mji mzima ukashika ndoo ukaenda lamboni, kule ng'ombe wanakoingia mpaka kwenye mapaja. Sikudhani akabaki na tangi lake. Akasimama bombani akanywa mbele ya wachache waliopita. Wakasema huyo ameshakunywa kinga. Akaomba kipaza sauti apite nacho mitaani. Polisi wakamwambia wiki ya uchaguzi hakuna vipaza sauti isipokuwa vya wagombea.

Akachukua simu yake iliyopasuka kioo, akajirekodi. Akafungua ndoo, akaonyesha unga, akautia tangini. Akateka maji bombani, akanywa. Akamnywesha na mwanawe mdogo, kikombe kizima. Akasema, "Huyu nimemzaa mwenyewe. Nani kati yenu ameniona nachezea maisha yake?" Akabonyeza kutuma kwa grupu la wazazi.

Tiki moja. Akasubiri. Tiki moja.

Maana saa ile ile Mkuu wa Wilaya, Bwana Mpelembwa, alikuwa amesikia kuna uvumi mjini. Na katika nchi ile mkuu wa wilaya alikuwa na mkono wa kufika minarani. Akaamuru mtandao uzimwe, kwa ajili ya amani na utulivu. Uvumi ulikuwa umeshaingia ndani, umevua viatu, umekaa. Aliyefungiwa mlango ni ukweli.

Na Malongo je, na tamko lake? Malongo alikuwa ameomba kibali cha kusema kwamba klorini ni klorini. Aliomba kwa Mkuu wa Wilaya, ambaye ofisi yake iko ng'ambo ya ua, mtu akikohoa huku kule wanaitikia pole. Lakini ofisi ilikuwa imeingia kidijitali, barua ya karatasi haipokelewi, maombi yote kwa barua pepe. Malongo akatuma barua pepe kwa mtu aliyeuzima mtandao. Kisha akakaa akasubiri majibu. Amesoma huyo.

Kipindupindu kikaanza kwa wale waliochota lamboni. Atukuzwe akaugua, akafa. Wakafa na wengine. Mahali penye akili, watu wangesema ni lambo. Kiwambo wakasema, "Si mnaona? Sumu imeshafanya kazi." Hawakuhitaji mtandao tena. Midomo ilitosha.

Ilikuwa mchana mweupe. Sikudhani alikuwa juu ya ngazi, wanawe wamekaa chini ya tangi, alipoona moshi upande wa mtaani kwake. Akajiuliza ni nani masikini wa Mungu anayeunguliwa. Alikuwa bado anamhurumia mtu huyo alipolitambua bati lake.

Uchaguzi ukapita. Mtarajiwa akashinda, akawa Mheshimiwa kamili, akahamia mji mkuu na kiyoyozi chake. Mtandao ukarudishwa. Simu za Kiwambo zikalia zote kwa pamoja, na ndani ya kelele zile video ya Sikudhani ikapata tiki ya pili. Watu wakaitazama. Wakaweka vikatuni vya machozi. Mmoja akaandika "Pole sana dada, so sad." Hakuna aliyekwenda kumwona pale alipokuwa akilala na wanawe, kwenye kibanda cha pampu. Moto wa jiko hakupewa. Mji ulishajua kwamba hana kosa, lakini kujua hakumwoshi mtu pale. Neno lilikuwa bado halijaliwa.

Basi akadai haki yake. Mkutano ukaitishwa kwenye ghala la alizeti. Sikudhani akaingia na bakuli, akasimama katikati. Akasema:

"Desturi inataka majivu ya jiko langu. Jiko langu, kitanda changu na sare za wanangu vimekuwa jivu moja, nimeshindwa kuchambua. Nimeyaleta hivyo hivyo. Nipeni mtu."

Macho yakamwendea Gaspari. Gaspari akasimama, mikono mfukoni.

"Dada Siku, kuandika niliandika. Sikatai. Lakini ile ilikuwa content tu. Niliandika, Mheshimiwa akasema iachie, nikaweka mahali pa watu wanaocheka, na walicheka. Mzaha wangu haukumtoa mtu bombani. Sina jina mji huu, mimi nani aniamini? Hata shemeji yangu haniamini na rimoti. Aliyeupa mzaha wangu heshima ni Mwalimu. Kama si yeye, lile lingekuwa neno la chawa."

Watu wakaguna, maana palikuwa na ukweli.

Macho yakahamia kwa Malongo. Malongo akakohoa, akasema with due respect yeye hakutamka neno lolote, la kweli wala la uongo, na desturi inasema neno huliwa na mdomo uliolisema. Angeulaje ukimya? Akaeleza kwamba mwenzake wa wilaya jirani alitangaza ugonjwa bila kibali, akafutwa kazi, akashtakiwa kwa kuzusha taharuki, na ugonjwa ulikuwepo kweli. Ana watoto, ana mama mgonjwa. Akamaliza kwa kumtazama Mkuu wa Wilaya, kisha haraka akayatazama magunia.

Mkuu wa Wilaya alikaa mbele, kwenye kiti cha plastiki kilichofunikwa kitambaa, askari wawili nyuma yake. Hakusimama.

"Katika ghala hili," alisema, "mtu pekee aliyejaribu kulizuia neno hilo ni mimi. Wengine mliandika, mkatuma, mkanyamaza. Mimi nilifunga njia. Mnanilaumu nimefungia na video? Alipokunywa bombani mlisema kanywa kinga. Angewanywesha watoto kumi mngesema wamekunywa kinga wote kumi. Nawajua."

Hilo ndilo lililouma, kwamba alikuwa anawajua kweli.

Mwanamke mmoja wa nyuma akauliza, na Mheshimiwa je, aliyesema iachie? Wakampigia. Simu ikapokewa na msaidizi, akasema Mheshimiwa yuko kikaoni, ila anawapenda sana.

Ndipo akainuka Mwalimu Bertila, kanga ya msiba ingali mabegani.

"Siku, mwanangu. Wote hapa wameeleza kwa nini si wao. Mimi nimeshalila neno hili. Nimelila kaburini kwa Atukuzwe. Lakini kama ghala zima hili limekosa mtu, nipakeni mimi."

Mkuu wa Wilaya alikuwa wa kwanza kupiga makofi. Gaspari akafuata. Malongo naye akapiga, kwa vidole. Mtu akasema huo ndio utu uzima, mwingine akasema tumalize tukale.

Sikudhani hakusogea.

"Shikamoo Mwalimu," alisema. "Mjukuu wako nilimlilia, nikiwa kule kibandani, maana msibani kwako nisingepokewa. Nikuulize. Mlangoni kwa watu, mbele yangu, utasema 'neno lile lilikuwa langu'?"

Mwalimu akafungua mdomo. Miaka yote alikuwa amewachapa watoto wa mji ule kwa kusema uongo. Akaufunga.

Bakuli likabaki mikononi mwa Sikudhani.

Haya, wenzangu, kesi iko kwenu. Gaspari alilizaa, lakini akalizaa mfu, likafufuliwa na mwingine. Mwalimu alilifufua, lakini ndiye pekee aliyeuliza kwanza, na kati ya hawa ndiye pekee aliyezika. Malongo alikuwa na neno moja la kuokoa mji, akalihifadhi kwa usalama wa ajira. Mpelembwa alizima taa zote ili mwizi asione njia, na mwizi alikuwa ameshaingia. Mtarajiwa alisema neno moja tu, iachie, na leo anawapenda sana. Na ninyi mliomwagia nyumba yake petroli, msijifiche, mlikuwa wengi, na ninyi ndio mlioamini. Mmoja tu ndiye anayeweza kupakwa. Je, nani alistahili kulila neno lile? Na Sikudhani, ampokee Mwalimu aoshwe kwa uongo wa pili, au akatae abaki mchafu na wanawe?

Bishaneni. Mimi nina la kuwaambia wale wa viti vya mbele tu. Gaspari, toa mikono mfukoni. Malongo, vuka ua. Bwana Mpelembwa, teremka kwenye hicho kitambaa. Na wewe Mheshimiwa, toka kikaoni, panda hilo gari tulilokununulia, urudi Kiwambo. Mwanamke amesimama na bakuli, mikono inamchoka. Mmoja wenu ainame apakwe. Leo.