Jina la Mtoto wa Vidole Kumi na Viwili

Sogeeni, kesi hii imenishinda, nawaachia nyinyi.

Wanawake watatu walifanya kazi hospitali moja. Sikudhani, mkunga, alijua kuuliza mambo ya ukoo bila kumuudhi mtu. Mkunde, wa maabara, alisoma jeni, maandishi ya urithi yaliyomo mwilini, herufi kwa herufi bila kuruka hata moja. Mwenzake Anyesi alipenda kutazama pale ambapo wengine hawatazami.

Ikatokea Mwantumu akajifungua binti mwenye vidole sita kila mkono. Mama mkwe akasema damu ile si ya kwao. Shekue, mume wa Mwantumu, akamrudisha mkewe kwa wazazi wake, kichanga mikononi.

Sikudhani akaenda kwa mama mkwe, wakachambua mchicha pamoja siku mbili. Akaona kovu kando ya kidole gumba cha bibi. Bibi akadai ni la kisu. Sikudhani hakubishana. Alimbembeleza mpaka yeye na mwanawe wakakubali kutoa damu.

Mkunde akaichunguza jeni inayounda mkono katika damu yao na ya mtoto, wiki mbili nzima. Ilikuwa nzima. Wakubwa walitaka kufunga faili, yeye akakataa, akaandika kwamba kosa litafutwe nje ya jeni.

Anyesi akaenda mbali, herufi kama milioni moja kutoka pale, sehemu iliyodhaniwa haina kazi. Huko ndiko kulikokuwa na swichi inayoiamuru jeni ile ifanye kazi lini na wapi. Herufi moja ilikuwa imebadilika: kwa mtoto, kwa Shekue ambaye kwake haikujitokeza vidoleni, na kwa bibi mwenyewe, ambaye kovu lake lilikuwa la kidole cha sita kilichokatwa.

Shekue akaenda kuomba radhi, akamrudisha mkewe. Akaahidi kwamba mtoto ataitwa jina la aliyeiokoa ndoa yake.

Tangu hapo chai waliyozoea kunywa pamoja wanawake wale watatu ikaisha. Anyesi alipompelekea mtoto blanketi, Mkunde alinuna wiki nzima.

“Ungejuaje pa kwenda, kama nisingekwambia pa kutokwenda?” alimwuliza.

“Wewe ulikuta jeni nzima. Mimi ndiye niliyekuta kosa,” Anyesi akajibu.

Sikudhani akawaambia wote wawili kwamba bila damu aliyoiomba yeye, wangesoma ukuta.

Leo ni siku ya arobaini ya mtoto. Wote watatu wamealikwa, wamekaa mbali mbali, kila mmoja akimwangalia Shekue. Mtoto bado hana jina.

Nanyi mnaosikiliza, mngekuwa Shekue, mngemwita nani?