Kwa Nini Tembo Huvuka Mto Mkonga Juu

Zamani hizo tembo alikuwa havuki mto. Na walikuwa tembo kweli, si hawa mnaowapiga picha. Tembo wa jeshi la Kartago, mji wa huko kaskazini mwa Afrika, akipiga chafya Jumatatu, adui anaumwa mafua mpaka Ijumaa. Lakini mwonyeshe maji yanayopita magoti, anageuka anamtafuta mama yake.

Mkubwa kuliko wote alikuwa jike mmoja, Noamu. Mwendeshaji wake, Arishi, alimlea toka mdogo, wakigawana mkate. Kiunoni Arishi alibeba patasi na nyundo, maana sheria ya jeshi ilikuwa hivi: tembo wako akipagawa, kabla hajakanyaga wenzako, unamgongelea patasi nyuma ya sikio, afe papo hapo. Arishi alikuwa hajawahi kuitumia, hata kufungulia pipa.

Basi wakafika kwenye mto mpana, ng'ambo huioni mpaka kwanza ule ushibe. Watu wa Kartago kwa hila hawajambo. Wakafunga magogo wakapata chelezo kikubwa kama uwanja wa mpira, wakakimwagia udongo ili tembo adhani ni nchi kavu. Hapo ilitosha. Ila Arishi, kwa kumpenda Noamu, akazidisha: akapanda na majani mabichi juu ya udongo huo.

Hilo ndilo kosa. Noamu akaingia chelezoni, Arishi shingoni mwake. Walipofika katikati ya mto, Noamu, ambaye chai yake ya asubuhi ilikuwa shamba zima, akaanza kuila nchi. Akamaliza majani, akachota udongo, akafika kwenye magogo. Kuchungulia, maji yanapita chini yake. Alipiga ukelele, samaki wakapanda miti. Chelezo kikalala upande, na juu yake wapo askari hamsini.

"Arishi, patasi!" jemadari akaita kutoka ukingoni.

Arishi akaichomoa, akaiweka nyuma ya sikio la Noamu. Mkono wa nyundo ukagoma.

"Nenda, mama," akamwambia sikioni. "Aliyekudanganya ni mimi."

Nyundo akaitupa. Akamgeuza Noamu kwa sikio, mwenyewe akarukia chelezoni, na tembo akatumbukia peke yake. Chelezo kikakaa sawa, askari wakapona, maji yakajifunika. Arishi alilia mpaka mto ukapanda shibiri mbili.

Mara, mbele kule, kikatokea kitu kama nyoka, kinapumua.

"Jamani," askari mmoja akasema polepole, "anatembea chini."

Noamu aliwatangulia ng'ambo. Arishi aliposhuka, akamwagiwa nusu ya mto kichwani, akakaa kwenye tope akicheka. Hata jemadari akashusha pumzi. Pumzi hiyo ikang'oa mahema matatu.

Na tangu siku hiyo tembo akivuka maji marefu huinua mkonga. Na kwenye nchi kavu, kabla hajakanyaga pageni, hupapasa kwanza chini. Anahakikisha hakuna anayempenda aliyepanda majani juu ya uongo.