Mgongo Mkavu

Haya, simu chini, masikio juu. Na wewe kule nyuma unayecheka kabla hujasikia, cheka sasa hivi, maana baadaye sitakuruhusu.

Mjini Mbeya kulikuwa na watu watatu, kila mmoja na kipaji chake. Gwamaka alichora mabango ya vinyozi, na sura aliyoichora yeye ilikuwa karibu ikusalimie. Lusajo, mpishi wa shule ya bweni, alijua kusimulia maisha ya mtu mpaka ukadhani mlikua nyumba moja. Naye Sekela alinadi mitumba soko la Mwanjelwa. Jamani, sauti! Akisema, "Gauni la harusi hili, dada, bwana harusi utamtafuta mwenyewe!" hata aliyefuata nyanya aliondoka na gauni.

Sekela aliishi na bibi yake asiyeona. Kila jioni akifika mlangoni husema, "Bibi, nimerudi," na bibi hufungua mikono. Bibi huyo hakuwahi kuiona sura ya mjukuu wake hata siku moja. Alimjua kwa sauti tu.

Gwamaka ndiye aliyemwingiza Sekela kwenye Ulingo wa Maneno. Ni kundi la simu, watu wanapigana mieleka bila kugusana. Unabuni mwanamieleka wako, unampa sura, unampa alikotoka, unamtungia majigambo. Mwenzako naye hivyo hivyo. Mwamuzi wa kundi, Bi Eneles, anasoma, anasikiliza, kisha anatangaza nani kaangushwa.

"Ila mgeni ana desturi yake, dada," Gwamaka alimwambia. "Mwanamieleka wako lazima ashindwe pambano la kwanza. Na unaandika wewe mwenyewe jinsi mgongo wake ulivyogusa chini. Tunaita kulazwa."

"Khaa! Nimtunge mimi, halafu nimpige mimi?"

"Ndiyo. Ajue kwamba ana mwenyewe."

Sekela akacheka mpaka akashika mbavu. Mimi nisingecheka.

Kwa kuwa hakujua aanzie wapi, Gwamaka na Lusajo, wote wawili wa zamani kundini, wakasema watamsaidia: wamtengeneze mmoja, awe wa wote watatu.

Gwamaka akatoa sura. Hakuibuni. Alikaa mbele ya kioo akachora ya kwake, kovu juu ya nyusi, na lile jicho la kushoto linalosinzia kidogo. Alipoituma kundini, watu wakaandika, "Mbona huyu anatutazama?"

Lusajo akatoa maisha. Naye hakubuni. Alichukua siku ile alipokuwa mtoto, mto Kiwira umefurika, na mama yake, ambaye sasa ni marehemu, akamvusha mabegani huku maji yakimfika mama kidevuni. Walipofika ng'ambo mama alimpapasa, akapiga kelele kwa furaha: "Mkavu! Mwanangu, mgongo wako mkavu!" Hapo ndipo mwanamieleka alipopata jina.

Sekela akatoa sauti. Alisimama katikati ya chumba akarekodi majigambo: "Mimi ni Mgongo Mkavu! Ardhi hainijui, nami siijui!" Bibi alikuwa amekaa kitandani anapiga makofi.

Ikabaki kumlaza. Lo! Kila mmoja alikuwa ameshakipenda kipande chake. Gwamaka alisema kazi hiyo ni ya Lusajo, hodari wa kuandika. Lusajo akasema ni ya Sekela, ndiye mgeni. Sekela akaona aibu kusema hawezi, akanyamaza. Siku Bi Eneles alipouliza, "Huyu kalazwa?" wote watatu walijibu ndiyo, kila mmoja akidhani mwenzake ameshaandika.

Mgongo Mkavu akaingia ulingoni. Akashinda. Akashinda tena, na tena. Hakuna aliyemwangusha.

Kisha mchana mmoja, jua limewaka, soko limejaa, simu ya Sekela ikalia. Ujumbe wa sauti, kutoka kwa Mgongo Mkavu. Akausikiliza. Ilikuwa sauti yake Sekela, lakini maneno hayo hakuwahi kuyasema.

"Nimesimama tangu nilipozaliwa," sauti ilisema. "Miguu inaniuma. Mwenye mimi ni nani?"

Sekela alifumbua mdomo amwite jirani. Hakikutoka kitu, hata mkoromo.

Alikimbia hadi kwa Gwamaka. Akamkuta ameketi chini, kioo kimegeuziwa ukutani. Shati lilikuwa la Gwamaka, mikono yenye rangi ilikuwa ya Gwamaka. Usoni palikuwa kama picha iliyofutwa kwa kitambaa kibichi. "Mke wangu ameniuliza namtafuta nani," alisema. "Mwanangu amejificha nyuma ya mlango, Sekela. Ananiogopa mimi baba yake."

Lusajo alikuja na dada yake akimshika mkono kama mgonjwa. Alikuwa mzima wa afya. Ila dada alikuwa amemtaja mama yao, naye akauliza kwa upole, "Mama yupi?" Wakamtajia mto, akatikisa kichwa. Wakamwonyesha picha, akasema ni mama mzuri, Mungu amrehemu, lakini hamfahamu.

Jioni Sekela akarudi nyumbani. Alisimama mlangoni, hana sauti ya kusema amerudi. "Nani huyo?" bibi akauliza. Sekela akamshika mkono, bibi akauchomoa. "Nani wewe? Sekela! Sekela, njoo, kuna mtu ndani!" Sekela alilia pale pale, na hata kilio chake hakikusikika.

Kesho yake Mgongo Mkavu alituma ujumbe kwa kundi zima. "Nimechoka. Mwenye mimi aandike jinsi nilivyoanguka, nami nitalala. Nikiwa chini, huyo atachukua chake. Vya wengine nitalala navyo."

Waliandika wote watatu pamoja. Hakuanguka. Bi Eneles akasema kanuni ya ulingo haijabadilika: mwanamieleka mmoja, mwenyewe mmoja. Kundi lipige kura, na kila mmoja ajitetee.

Gwamaka aliandika: "Mimi nilianza. Bila sura kusingekuwa na mtu wa kumpa maisha wala sauti. Nina mtoto mdogo, atakua akinikimbia."

Lusajo aliandika: "Mimi ni wa zamani humu, desturi niliijua nikaipuuza, sina ujanja. Lakini jina lake limetoka kwangu. Na mnisikilize, ndugu zangu: wenzangu wanalia kwa walichopoteza. Mimi nimeambiwa nilikuwa na mama aliyenipenda, na silii."

Sekela aliandika, "Mpeni Lusajo." Akafuta. Akaandika, "Mimi nilikuwa mgeni, hamkunifundisha vizuri." Akafuta tena, kwa sababu alifundishwa. Mwishowe alituma haya: "Kabla sijasema, hakusema. Bibi yangu ni mzee, na ananiita mimi huku nimekaa mbele yake."

Kundi likapiga kura. Zikalingana, kwa wote watatu.

Wakati huo bibi alikuwa ameisikia simu ya Sekela ikilia mezani. Alipapasa, akaiokota, akaiweka sikioni. Uso wake ukachangamka.

"Sekela! Mjukuu wangu, uko wapi?"

"Nipo, bibi," simu ikajibu.

"Mbona unasikika umechoka? Si ukae!"

"Siwezi, bibi. Nangoja waamue."

Na Sekela mwenyewe alikuwa amepiga magoti hapo hapo, kichwa chake kiko karibu na magoti ya bibi, anaogopa kumgusa.

Sasa, wewe uliyecheka kule nyuma, imebaki kura moja, nayo ni yako. Mwenye Mgongo Mkavu ni nani: aliyempa sura, aliyempa maisha, au aliyempa sauti? Sema basi. Na ukishasema, wale wawili uliowaacha, nani atakwenda kuwaambia?